Jim Larkin: nyapara wa bandarini aliyesimamisha tramu za Dublin, halafu akatimuliwa na chama alichokianzisha mwenyewe

mkaa_dublin
Wakuu habari za jumapili. Nipo huku Dublin mwaka wa sita sasa, napiga kazi ya ghala shifti ya usiku, na kila nikisubiri basi pale O'Connell Street kuna sanamu ya jibaba limenyoosha mikono yote miwili juu, vidole vimetanuka, kama mtu anayeita kijiji kizima nyumba inaungua. Miaka miwili nilidhani ni mhubiri. Siku moja basi limechelewa nikasogea kusoma pale chini, kumbe ni mtu wa chama cha wafanyakazi, James Larkin, wenyewe wanamwita Big Jim. Nikaanza kuchimba kidogo kidogo, na nilichokikuta nimeshindwa kukaa nacho peke yangu. Nashusha kwa vipande, naandikia simu kwa hiyo mtanivumilia.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusije tukasumbuana baadaye: huyu jamaa alikuwa na kipaji cha kuwasha watu ambacho sijakiona kwa mtu mwingine, ila kukaa meza moja na wenzake alishindwa maisha yake yote.

siti_ya_mbele
Nimeshakaa. Shusha nondo mkuu.

mkaa_dublin
Haya. Kazaliwa Liverpool 1874, Uingereza, sio Ireland, japo mwenyewe akiulizwa alikuwa anapenda kusema kazaliwa Ireland. Wazazi ni Waairishi wa kaskazini waliohamia kutafuta maisha, hali ngumu, kazi kaanza akiwa mtoto, baba kafa yeye bado kijana mdogo. Akaingia bandarini, akapanda mpaka akawa nyapara. Pombe haonji. Sigara sasa ndio usiseme, kiko hakimtoki mdomoni.

1905 vibarua wa kampuni anayofanyia wakagoma. Nyapara kazi yake nini kwenye mgomo? Kuwasaka wa kuziba nafasi. Yeye akatoka nje kagoma pamoja nao. Mgomo ukashindwa, kazi ikaota mbawa, chama cha makuli cha kule, kilichokuwa chini ya James Sexton, kikamchukua awe mratibu. Na ndio mshahara wake wa chama ulipoanzia.

mzee_wa_gati
Nyapara kugoma na vibarua! Wallahi mimi nimekaa gatini miaka 19 sijawahi kuona. Wa kwetu sisi alikuwa anapita asubuhi anakunyooshea kidole, wewe, wewe, na wewe, na kama jana jioni hukumtoa kitu basi kidole kinakuruka unarudi nyumbani na kopo lako la chai halijafunguliwa.

mkaa_dublin
Mzee umenipa njia mwenyewe. Dublin ilikuwa hivyo hivyo na mbaya zaidi. Wakandarasi wadogo wa kupakua meli walikuwa wanawalipa vibarua NDANI YA BAA. Yaani jasho lako la wiki unalifuata kaunta, na pale usiponunua kinywaji, kesho huitwi. Mke nyumbani anasubiri, hela inaishia kwenye glasi za watu. Hili Larkin alilipiga vita toka anafika, na nadhani wake za makuli walimpenda kwa hili kuliko hotuba zote.

Ila kabla ya Dublin kuna Belfast 1907, na hii msiikimbize. Chama kilimpeleka kule mwanzoni mwa mwaka. Belfast ni mji wa Wakatoliki na Waprotestanti, mtaa huu na mtaa ule hawapikiani chai, na matajiri wanaishi kwa huo mgawanyiko. Ndani ya miezi michache makuli na waendesha mikokoteni ya farasi wa pande zote mbili wako barabarani pamoja, wanapambana na kampuni ya meli ambayo mwenyekiti wake ni Thomas Gallaher, yule wa kiwanda cha tumbaku. Mabinti wa kiwandani kwake nao wakaweka kazi chini siku moja wakaenda kumsikiliza Larkin.

Halafu likatokea la polisi. Polisi walikuwa wanasindikiza mizigo masaa mengi bila nyongeza yoyote. Konstebo mmoja, William Barrett, akaambiwa akae juu ya gari pembeni ya dereva aliyeletwa kuvunja mgomo. Akakataa. Hakupiga mtu, hakutukana, alikataa tu kukaa kwenye kile kiti. Wakamsimamisha, na mamia ya polisi wenzake wakafanya mkutano wakubwa hawataki kuamini. Serikali ikaleta jeshi kwa maelfu, ikawahamisha polisi waliosumbua, na mwezi wa 8 askari wakafyatua risasi barabara ya Falls wakaua watu wawili.

binti_kisutu
Na wakashinda au?

mkaa_dublin
Hapana dada. Sexton alikuja kutoka Uingereza akakaa na waajiri akafunga mambo, makuli wakarudi kazini karibu mikono mitupu. Larkin hakumsamehe. Yeye akawa anaendelea kuanzisha migomo bila kuomba ruhusa, Cork, Dublin, huku mweka hazina wa chama presha inapanda, mwisho wa 1908 wakamsimamisha. Wiki chache baadaye anaanzisha cha kwake, Irish Transport and General Workers' Union, January 1909. Kumbukeni hiki chama maana kitarudi kumng'ata.

1910 wakamfunga kwa hela. Michango iliyokusanywa Cork wakati yuko chama cha zamani alikuwa kaipeleka kusaidia mgomo wa Dublin, mahakama ikasema huo ni wizi, mwaka mmoja na kazi ngumu. Hata wasiompenda waliona ni uonevu maana mfukoni hakutia hata senti, akatoka baada ya miezi kama mitatu. Ila doa lilibaki, kwa sababu 1912 kachaguliwa diwani wa Dublin, wakamtoa kwenye kiti wakisema mfungwa wa zamani haruhusiwi.

swali_moja
Mkuu kabla hujaendelea, huu mgomo wake ulikuwa na tofauti gani na migomo mingine? maana naona kila sehemu kuna migomo.

mkaa_dublin
Swali zuri. Silaha yake ilikuwa mgomo wa kuungana mkono. Mfano kiwanda cha biskuti kimefukuza watu. Chama hakihangaiki na kiwanda peke yake. Mwendesha mkokoteni hagusi unga unaoenda pale, kuli hapakui makaa yake, wa reli habebi maboksi yake. Mzigo wa bosi mkorofi unakuwa kama mzigo wa uchawi, kila anayeusogelea anakunja mikono. Kwa hiyo mtu asiye na ujuzi wowote, kibarua anayeweza kubadilishwa kwa dakika tano, ghafla ana nguvu kama fundi. Ndio maana matajiri walimuogopa.

Ubaya wake na wenyewe upo. Kila ugomvi mdogo unaweza kuwa moto wa mji mzima, na mfuko wa chama hauna uwezo wa kulisha mji mzima.

mkaa_dublin
Sasa 1913. Chukueni maji.

Dublin wakati ule zaidi ya familia 20,000 zinaishi kila moja ndani ya chumba kimoja, kwenye majumba makuukuu ya matajiri wa zamani waliohama. Na kuna tajiri anaitwa William Martin Murphy. Huyu ana kampuni ya tramu, ana gazeti la Irish Independent, ana duka kubwa la Clerys, ana hoteli ya Imperial juu yake hapo hapo. Sio mtu katili wa kwenye sinema, alikuwa mtu wa ibada, mwenye nidhamu, vyama vya mafundi aliongea navyo bila shida. Alichoapa ni kwamba chama cha Larkin hakitakanyaga kwake. Akaanza kufukuza kila aliyegundulika ni mwanachama.

Tarehe 26 August, wiki ya maonyesho ya farasi, mji umejaa wageni, kabla ya saa nne asubuhi madereva na makondakta kama 200 wakatoa beji ya Mkono Mwekundu, alama ya chama cha Larkin, wakaibandika kifuani, wakashuka, wakaziacha tramu zimesimama katikati ya barabara na abiria ndani. Fikirieni yule mama na kofia yake ya maonyesho anachungulia dirishani kuuliza kondakta kaenda wapi. Tramu zilianza kutembea tena siku hiyo hiyo maana wengi hawakugoma, Murphy alikuwa amejipanga, ila mji ulishajua vita imeanza.

Larkin akatangaza mkutano mkubwa O'Connell Street, wakati ule ikiitwa Sackville Street, jumapili ya tarehe 31. Serikali ikaupiga marufuku kwa karatasi. Akaichoma ile karatasi mbele ya umati nje ya Liberty Hall, makao ya chama, akasema jumapili nitakuwepo. Hati ya kumkamata ikatoka, akajificha kwa Countess Markievicz, mwanamke wa ukoo wa kitajiri aliyekuwa upande wa wafanyakazi.

Jumapili mchana askari kila kona. Kwenye hoteli ya Imperial, ya MURPHY MWENYEWE jamani, anaingia mzee kama mchungaji, ndevu, koti refu la mume wa Countess, mgongo umepinda, kashikwa mkono na mpwa wake wa kike. Mpwa ndiye anayeongea na wahudumu, eti mjomba hasikii vizuri. Huyo mpwa ni Nellie Gifford, hawana udugu wowote, kazi yake ilikuwa kuziba lafudhi maana Larkin akifungua mdomo tu Liverpool yote inatoka. Mzee akapita, akafika dirishani, mgongo ukanyooka, akatokea kwenye roshani akaanza kuhutubia. Sentensi chache tu, wakamdaka. Lakini ahadi alishaitimiza.

Chini polisi wakafungulia virungu, na wengi waliokuwa pale walikuwa watu wa kawaida wametoka misani. Majeruhi ni mamia. Wafanyakazi wawili, James Nolan na John Byrne, walikufa kwa vipigo vya wikiendi ile. Siku mbili baadaye nyumba mbili za Church Street zikaporomoka zenyewe kwa uchakavu, watu 7 wakafa, kama vile mji wenyewe unatoa ushahidi.

siti_ya_mbele
Hoteli ya adui 😂😂 huyu mzee alikuwa na dharau

binti_kisutu
Mimi hapo kwa mpwa ndio nimecheka, mjomba kiziwi halafu dakika mbili anahutubia mji.

mkaa_dublin
Dharau anayo ila subirini bili. Murphy akawakusanya waajiri 404, wakakubaliana kila mfanyakazi asaini karatasi kwamba si mwanachama wa kile chama na hatakiunga mkono. Hapo walikosea hesabu, kwa sababu hata wale wa vyama vingine ambao Larkin hawakumpenda kabisa waliona kusaini ni aibu, wakakataa. Waliokataa wakafungiwa geti. Watu kama 20,000, na ukiweka wake na watoto karibu theluthi ya mji wote wananing'inia bila kipato, msimu wa baridi unakuja.

Vyama vya Uingereza vikachanga. Mwishoni mwa September meli inaitwa Hare ikaingia mtoni na maboksi ya chakula, watu wamejaa ukingoni wanalia. Liberty Hall chini kukawa na jiko la supu, Countess na Delia Larkin, dada yake Jim, wamefunga aproni wanagawa. Delia ndiye aliyekuwa anaendesha chama cha wanawake, jina lake linasahaulika sana.

Kisha likaja la watoto. Wanawake wa Uingereza wakajitolea kuwachukua watoto wa waliofungiwa wakawalee kwa muda washibe. Askofu mkuu Walsh akaandika kwenye magazeti kwamba mama anayempeleka mwanae huko hastahili kuitwa mama Mkatoliki. Mapadre na waumini wakaenda bandarini na stesheni kuwanyang'anya watoto. Mtoto ana njaa, mkubwa anahofia atalelewa na Mprotestanti. Hapa ndipo nilipoweka simu chini nikaenda kutembea.

mzee_wa_gati
Dini ikikuta tumbo la maskini haliulizi lina nini ndani.

mkaa_dublin
October wakamfunga miezi saba kwa uchochezi, kelele zikawa nyingi akatoka baada ya siku 17. Akaenda Uingereza kuzunguka kuomba wafanyakazi wa kule wagome kuwaunga mkono wa Dublin. Na hapa ndio ninaporudi kwenye msimamo wangu. Watu anaowaomba msaada, viongozi wa vyama vya Uingereza waliolisha mji wake miezi mitatu, akawa anawatukana jukwaani kwa majina, wasaliti, waoga. December 9 wakakutana London, wakapiga kura, wakamkatalia kwa kishindo. Sawa, labda wangekataa tu hata angewabusu miguu, maana hawakutaka kuingia vitani. Ila aliwapa kisingizio kitamu mno.

January 1914 chama kikawaambia wanachama warudi kazini kwa masharti yoyote watakayoyapata. Ila ile karatasi waajiri wengi waliacha kuidai kimya kimya, walikuwa wamechoka na wao.

swali_moja
Kwahiyo Murphy alishinda.

mkaa_dublin
Alishinda ndio, sitaki kupamba. Isipokuwa chama hakikufa, na kukiua ndio lilikuwa lengo lake. Miaka sita baadaye kina wanachama kama laki moja. Ila Larkin hakuwepo, na kwenye hilo "hakuwepo" ndimo kisa kizima kilipo.

October 1914 aliondoka kwenda Marekani kuchangisha, safari fupi. Akakaa zaidi ya miaka nane! James Connolly akabaki na chama, 1916 akaongoza jeshi la wafanyakazi kwenye maasi ya Pasaka dhidi ya utawala wa Uingereza, Waingereza wakampiga risasi kafungwa kwenye kiti kwa sababu jeraha la mguu halimruhusu kusimama. Larkin yuko ng'ambo anasoma kwenye magazeti. Kule alihutubia kwenye mazishi ya Joe Hill, mtunzi wa nyimbo za wafanyakazi, Chicago 1915, akaingia na wakomunisti, 1920 wakamhukumu miaka mitano hadi kumi, akapelekwa gereza la Sing Sing. Gavana wa New York, Al Smith, akamsamehe January 1923, akafukuzwa nchi.

Anarudi Dublin mwisho wa April 1923, umati, bendi. Ireland imeshapata serikali yake, na chama chake kina mwenyewe mwingine: William O'Brien, mtu wa mafaili, risiti, vikao vinavyoanza kwa wakati. Larkin akaingia kama baba aliyetoka safari anakuta watoto wamehamisha kitanda chake. Wiki chache tu anatangaza hawa wote wafukuzwe. Wakaenda mahakamani, akashindwa, March 1924 wakamfukuza yeye. Chama alichokianzisha mwenyewe.

June yeye yuko Moscow kwenye mkutano wa wakomunisti, huku nyuma mdogo wake Peter akaanzisha kingine, Workers' Union of Ireland, na makuli wengi wa Dublin wakamfuata Big Jim bila kuuliza. Miaka iliyofuata vyama viwili vinagombania vibarua wale wale bandarini, na waajiri wanakunywa chai wakiangalia.

mzee_wa_gati
Hapo ndio pananiuma. O'Brien hakufanya kosa, alitunza mali. Ukimpa kila mtu wa hotuba ufunguo wa kasiki mtakufa njaa.

binti_kisutu
Mzee mimi nakupinga, bila wa hotuba hilo kasiki lingekuwa na nini ndani? O'Brien angekuwa anahesabu hewa.

mkaa_dublin
Mmemaliza wenyewe, na huku Dublin bado wanabishana hivyo hivyo mpaka leo.

Siasa zake nazipitisha haraka. September 1927 alichaguliwa mbunge Dublin kaskazini, akazuiwa kukaa bungeni kwa sababu ni mufilisi, alikuwa amekataa kulipa fidia za kesi na kina O'Brien. Mara ya pili hiyo anachaguliwa anatolewa mlangoni, hesabuni na ile ya 1912. Baadaye alikaa kweli, 1937 hadi 1938, tena 1943 hadi 1944 kwa chama cha Labour, na mwanae Jim mdogo wakiwa bungeni pamoja. O'Brien kuona karudi Labour, akakitoa chama chake kikubwa, Labour ikapasuka vipande viwili 1944. Miaka ishirini na kinyongo bado kibichi!

1941 serikali ilipoleta muswada wa kubana vyama, mzee akauwasha moto jukwaani pale College Green. Karatasi za serikali na kiberiti chake hazijawahi kupatana.

Mwisho wake haukuwa wa jukwaani. Mwishoni mwa 1946 alikuwa anasimamia ukarabati wa ukumbi wa chama, sakafu ikamwachia akaanguka. Akafa hospitali ya Meath January 30, 1947, kwenye baridi kali, maelfu wakatembea kwenye theluji nyuma ya jeneza hadi makaburi ya Glasnevin. Misa aliongoza askofu mkuu wa Dublin, kiti kile kile cha Walsh wa watoto.

kijana_kilindini
Subiri hapo January 1947? Mwezi huo huo huku Mombasa kulikuwa na mgomo mkubwa, ulianza tarehe 13, makuli, reli, wapishi wa mabwana, mji mzima ukalala karibu wiki mbili. Babu alikuwa anahadithia. Chege Kibachia akaja kuwa kiongozi na serikali ikamhamishia Kabarnet mwaka huo huo.

mkaa_dublin
Sikuwa najua tarehe zinagongana hivyo. Mtu wa makuli anazikwa huku, makuli wa huko wametoka kugoma siku chache tu kabla. Fungua uzi wake kijana, mimi nitakaa siti ya mbele.

siti_ya_mbele
Siti imejaa ila nakusogelea. Na hivyo vyama viwili je, vilipatana?

mkaa_dublin
1990. Wote wawili walishakufa zamani. Vikaungana vikawa SIPTU, ndio kikubwa huku, na makao yake yapo Liberty Hall pale pale. Ndio chama changu kazini kwa taarifa yenu, nilijaza fomu baada ya kusoma kile kibao, japo makato siku ya mshahara huwa nayatazama kwa jicho moja.

swali_moja
Kibao kinasemaje?

mkaa_dublin
Kina maneno ya tangu mapinduzi ya Ufaransa, kwa lugha tatu, Kifaransa, Kiairishi na Kiingereza. Kwa kwetu ni kama: wakubwa tunawaona wakubwa kwa kuwa tumepiga magoti, tuinuke. Sanamu yenyewe iliwekwa 1979, kazi ya Oisín Kelly, na ilipo ukigeuza shingo tu unaliona jengo la Clerys, palipokuwa na ile hoteli ya Murphy na ile roshani.

Basi langu hilo linakuja. Jana usiku shakwe mmoja mnene alikuwa amekaa kwenye kiganja chake cha kulia anakula chipsi za mtu.

binti_kisutu
Picha ya huyo shakwe weka mkuu, usitutanie.